Sprinti kila wiki mbili, vikao kila asubuhi, na bado kazi haziishi: ugonjwa ni foleni

#1 Fundi_Msimbo

Wakuu, habari za wakati huu.

Kilichonisukuma kuandika ni swali ninaloulizwa na kila anayejua kazi yangu: "Nyinyi si mnafanya Agile, mbona bado mnachelewa?" Agile ni ile njia ya kutengeneza programu za kompyuta kwa awamu fupifupi, kwa hiyo swali ni la haki kabisa. Nitalijibu kwa kisa cha timu niliyokuwamo, halafu wadau mje mnikosoe.

Tulikuwa watu 7. Ukitutazama kwa nje tulikuwa na kila kitu: sprinti (awamu za kazi) za wiki mbili, kikao cha kusimama cha dakika 15 kila asubuhi, ubao wenye safu zake na kadi moja kwa kila kazi, pointi za makadirio ya ukubwa wa kazi, na kikao cha kujitathmini kila sprinti ikiisha. Meneja alikuwa akiwapitisha wageni mbele ya ule ubao kwa fahari. Lakini kazi ambayo mteja aliambiwa asubiri "sprinti moja tu" ilikuwa inamfikia baada ya mwezi na nusu. Kila sprinti tulianza na viporo vya iliyopita, na kila tathmini tuliandika azimio lilelile: tujitahidi kukadiria vizuri zaidi.

Siku moja mwenzetu ambaye kikaoni huwa kimya alinyanyuka, akaanza kuhesabu kadi zote zilizokuwa zimeanzwa lakini hazijamfikia mtumiaji. Zilikuwa 31. Akafungua kumbukumbu za wiki 10 zilizopita, akakuta kwa wastani tunamaliza kazi 5 kwa wiki. Akaandika ubaoni 31 ÷ 5, akarudi kukaa.

Jibu ni wiki 6 na ushei. Yaani mwezi na nusu tuliokuwa tunaulizana umetoka wapi ulikuwa umebandikwa ukutani muda wote.

Hiyo hesabu inaitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little aliyeithibitisha mwaka 1961. Inasema wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya vitu kuingia, mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Imetoka kwenye nadharia ya foleni. Haikutungwa kwa ajili yetu watu wa programu wala haina semina ya kuuza, ndiyo maana naiamini.

Tukaamua kuweka kikomo. Safu ya kutengeneza, kazi 5. Ukaguzi wa msimbo (maandishi ya programu), 2. Majaribio, 3. Safu ikijaa huruhusiwi kuingiza nyingine; unakwenda kuisukuma iliyo karibu zaidi na mlango wa kutokea. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mateso. Watu wamezoea kuchukua kadi mpya kila wanapokwama, sasa wakikwama hawana pa kukimbilia.

Na hapo ndipo tulipoona kitu ambacho pointi zisingetuonesha hata kwa miaka mitatu. Kati ya zile kazi 31, 14 zilikuwa zimelala kwenye ukaguzi, zote zikimsubiri mtu mmoja ambaye ndiye pekee aliyeaminiwa kuidhinisha msimbo uunganishwe na programu kuu. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi zake 4. Sisi tukawa tunalaumu makadirio!

Tulifundisha wengine watatu kukagua. Baada ya miezi kama mitatu tulikuwa na kazi 10 au 11 mkononi, tunamaliza 5, wiki nyingine 6, na mteja anapata chake kwa takriban wiki mbili. Hakuna aliyeanza kuandika msimbo haraka zaidi. Vidole ni vilevile.

Ninachodai basi: timu nyingi zimechukua vikao vya Agile zikakiacha kile ambacho Lean, binamu yake aliyetoka viwandani, inakidai kabla ya yote, kwamba idadi ya kazi zilizo wazi kwa wakati mmoja iwe ndogo kwa makusudi. Bila hicho, sprinti ni kalenda tu.

Karibuni.

---

#2 Mpita_Njia

Nimekaa siti ya mbele kabisa.

---

#3 Ngamizi07

Mkuu umeandika kistaarabu, mimi nitasema bila kupamba: Agile niliyoiona ni njia ya bosi kunichungulia kila saa. Kila asubuhi nasimamishwa kueleza jana nilifanya nini kama mtuhumiwa. Nikisema bado natafuta kiini cha hitilafu, naulizwa "itaisha leo?" Ningejua itaisha lini ningekuwa nimeshaipata.

Kikao cha dakika 15 kinakwenda dakika 40. Baada ya hapo bosi ananifuata kwenye meza kuuliza kilekile.

---

#4 Fundi_Msimbo

@Ngamizi07 pole, na wala sikubishii. Ila tazama: kikao chenu kinazunguka watu. Kila mtu anajitetea. Sisi tulibadilisha kitu kimoja kidogo, tukaacha kuuliza watu tukaanza kuuliza kadi. Tunaanzia kulia, kwenye kazi iliyo karibu kuisha, tunauliza "hii inazuiwa na nini?", tunarudi kushoto. Kazi isiyozuiwa na kitu haihitaji mtu kuieleza, inapitwa tu. Tukawa tunamaliza dakika 8 au 9.

Mwongozo wa Scrum (utaratibu wa Agile wenye hizi sprinti na vikao) wa 2020 uliyaondoa hata yale maswali matatu maarufu ya jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nakwamishwa na nini. Kikao kimebaki ni cha watengenezaji wenyewe kupanga siku yao. Bosi akitaka ripoti, ubao upo.

---

#5 Mwanafunzi_Daima

Naomba kueleweshwa jamani, msinicheke. Lean ni nini, Agile ni nini, Scrum na Kanban zinaingia wapi? Kila ninapouliza kazini naambiwa "ni mtazamo" na mazungumzo yanaishia hapo.

---

#6 Mzee_wa_Seva

Huyu niachieni mimi.

Kijana, anzia kwenye uzi. Sio huu, uzi wa kufumia nguo. Sakichi Toyoda wa Japani alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufuma, na ile mashine yake maarufu ya 1924 ilikuwa na tabia moja: uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Kabla ya hapo mashine ingeendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu aione. Wazo hilo, kwamba kasoro ikitokea usimame hapohapo badala ya kuendelea kuzalisha uchafu, lilihamia kwenye magari baada ya familia hiyo kuanzisha Toyota.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Taiichi Ohno akiwa kiwandani Toyota alijenga utaratibu wa kutotengeneza kitu mpaka hatua inayofuata ikihitaji. Ishara ya kuhitaji ilikuwa kadi, kanban. Wazo alilipata kwa kutazama jinsi maduka makubwa ya Marekani yanavyojaza rafu: bidhaa ikichukuliwa ndipo nyingine inawekwa. Alitaja pia aina 7 za upotevu. Kwa Kijapani upotevu unaitwa *muda*. Sisi tuna neno hilohilo kwa kitu kinachopotea. Nimekaa na mzaha huu miaka mingi bila mtu wa kumwambia.

Utaratibu huo wa Toyota wa kupunguza upotevu ndio tunaouita Lean, ingawa jina lenyewe halikutoka Japani. Lilitumiwa na John Krafcik katika makala ya 1988, akiwa kwenye utafiti wa viwanda vya magari uliofanywa na chuo cha MIT, Marekani.

Agile ni ukoo mwingine. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakiwa wamechoshwa na miradi inayoanza na makaratasi na kuishia kwenye makaratasi. Wakatoa tamko la maadili 4 na kanuni 12. Scrum ilikuwepo kabla: jina limetoka kwenye raga, kupitia makala ya Takeuchi na Nonaka ya 1986 kuhusu kampuni zinazobuni bidhaa kwa timu moja inayosonga pamoja, halafu Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakaiwasilisha kama njia ya kutengeneza programu mwaka 1995. Ndoa ya Lean na programu ilikuja kuandikwa vizuri na Mary na Tom Poppendieck mwaka 2003. Walichukua zile aina 7 za Ohno wakazitafsiri kwa lugha yetu: kazi iliyofanywa nusu, kipengele ambacho hakuna aliyekiomba, kurukaruka kati ya kazi, kusubiri, kasoro, na kadhalika.

Tofauti ya Scrum na Kanban kwa mtu mwenye haraka: Scrum inabana kwa tarehe, Kanban inabana kwa idadi.

---

#7 Mwanafunzi_Daima

Mzee shikamoo. Haya ni madini. Hiyo sentensi ya mwisho naibandika ukutani.

---

#8 Mzee_wa_Seva

Marahaba. Usiibandike, kesho atakuja mtu na mfano wa kuivunja.

---

#9 Kiongozi_Timu

Mimi ndiye huyo bosi mnayemsema, kwa hiyo nipeni nafasi.

Mwanzisha uzi, unasema safu ikijaa mtu asianze kazi mpya. Nina watu 9. Nikiweka kikomo, wawili watatu watakaa bila kazi siku nzima huku mteja analalamika. Nitamwelezaje aliye juu yangu kwamba nalipa watu wakodolee ubao? Kila mtu akiwa na kazi yake, angalau kila kitu kinasogea.

---

#10 Fundi_Msimbo

@Kiongozi_Timu asante kwa kujitokeza, wengi kwenye nafasi yako wangepita kimya.

"Kila kitu kinasogea" ndiyo ilikuwa kauli yetu kwa kazi 31. Ni kweli zilikuwa zinasogea, kama gari zilizokwama barabarani zinavyosogea.

Niende kwenye hesabu. Chukua kituo kimoja cha kazi, mfano mkaguzi wa msimbo. Gawanya sehemu ya siku yake iliyojaa kwa sehemu iliyobaki wazi. Akiwa amejaa nusu, 50 kwa 50, unapata 1. Akijaa asilimia 80, unapata 4. Asilimia 90, 9. Asilimia 95, 19. Namba hizo zinaonesha jinsi muda wa kusubiri unavyokua kwenye foleni ambayo kazi zinaingia bila mpangilio na kila moja ina ukubwa wake. Kutoka 80 kwenda 95 umemwongezea mtu kazi kidogo tu, lakini anayesubiri nyuma yake anasubiri karibu mara tano. Mhandisi wa seva anayajua haya: hakuna anayeiacha seva iende kwenye asilimia 98 ya uwezo wake halafu akalala usingizi. Seva tunaihurumia, mtu tunamjaza mpaka pomoni.

Kuhusu waliokaa bure: mara ya kwanza kwetu walikaa kweli, nusu siku. Halafu mmoja akaenda kukaa na mjaribu, wakaandika majaribio ya kiotomatiki ya sehemu iliyokuwa inatutesa kila toleo. Mwingine akajifunza kukagua. Mtu asiye na kadi si mtu asiye na kazi.

Na kama unafikiria kuongeza watu ili yaishe, Fred Brooks alishaandika mwaka 1975, baada ya kusimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi.

---

#11 Ngamizi07

"Seva tunaihurumia." Hii natuma kwenye kundi la kazini bila jina langu.

---

#12 Hesabu_Tupu

Mwanzisha uzi nakubaliana na mwelekeo wako, lakini umepita haraka mahali. Kanuni ya Little inahusu wastani wa muda mrefu, na unapotumia kasi ya kumaliza badala ya kasi ya kuingia unachukulia kwamba zinalingana. Kama timu inaanza kazi 8 kwa wiki na kumaliza 5, rundo linakua, na ile 31 ÷ 5 inakupa picha ya leo tu. Tena, kazi zinazoanzwa zikafutwa kimyakimya zinaharibu hesabu, maana zimeingia na hazitoki kwenye rekodi zenu za "zilizoisha".

Jambo la pili: wastani wa wiki 2 unaweza kuficha kazi zinazotoka kwa siku 3 na nyingine kwa wiki 7. Mteja hakutani na wastani, anakutana na kazi yake moja.

---

#13 Fundi_Msimbo

@Hesabu_Tupu nimekamatwa. La kufutwa kimyakimya lilitupata hasa: zile 31 tulipozipitia moja moja, kadhaa hazikuwa na mwenyewe. La wastani pia ni kweli. Baadaye tuliacha kumwambia mteja wastani, tukawa tunatazama kazi zote za miezi mitatu iliyopita na kusema "kati ya kazi 20 kama hii, 17 zilikufikia ndani ya wiki 3." Alielewa mara moja, na hakuwahi kutuuliza tena kuhusu pointi.

---

#14 Mjaribu_Mifumo

Pointi hizo jamani. Niliwahi kukaa saa nzima watu wazima wakibishana kama kitufe ni pointi 3 au 5, na kukibadilisha kulichukua dakika 20. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 waliotia saini tamko la 2001, ameshaandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni, na kama ni yeye basi anajuta.

Lakini nilikuja kwa jambo jingine. Mzee amegusia ile mashine inayosimama uzi ukikatika, kisha wote mkakimbilia foleni. Mimi ndiye ninayepokea kitambaa. Timu yangu ina mfumo unaojenga na kujaribu msimbo kila mtu anapounganisha kazi yake. Taa yake ikiwa nyekundu, yaani kuna kitu kimevunjika, kinadharia kila mtu anasimama mpaka irudi kijani. Kwa vitendo, ilikuwa nyekundu siku 11 mfululizo. Kila mmoja alisema "si mimi niliyeivunja" akaendelea kurundika juu yake. Siku ya 12 tulipotaka kutoa toleo, kulikuwa na hitilafu nne zimekaa moja juu ya nyingine, na ya kwanza ilikuwa imezificha tatu. Tulitumia siku sita kuzitenganisha.

Kwa hiyo nikisikia "tunafanya Lean" siulizi kuhusu ubao. Nauliza taa ikiwaka nyekundu saa nne asubuhi, nani anaacha anachofanya?

---

#15 Kiongozi_Timu

Na jibu linalokubalika ni lipi? Maana nikisema "wote", watu 9 wanasimama kwa kosa la mmoja.

---

#16 Mjaribu_Mifumo

Wawili tu. Aliyeunganisha mwisho na yeyote aliye karibu. Wakishindwa ndani ya dakika kama 10, wanaiondoa ile kazi ya mwisho, taa inarudi kijani, wanaitafakari pembeni. Wengine hawaunganishi kitu katika dakika hizo. Hata kiwandani Toyota mfanyakazi akivuta kamba ya kutangaza kasoro, kwanza anakuja kiongozi wa kikundi kumsaidia. Laini inasimama kama hawajatatua kabla gari halijafika mwisho wa kituo chake.

Kinachoshinda timu nyingi ni kuiondoa kazi ya mtu bila yeye kuona amedhalilishwa. Sisi tulikubaliana maneno kabisa: hatusemi "nimefuta kazi yako", tunasema "nimeirudisha mezani kwako". Inaonekana ni utoto, lakini ugomvi ulipungua.

---

#17 Mkandarasi_wa_Mifumo

Yote mazuri kwa mnaotengeneza bidhaa zenu. Mimi kazi zangu ni za mkataba: upeo umeandikwa, tarehe imeandikwa, bei imeandikwa, adhabu ya kuchelewa imeandikwa. Mteja hataki kusikia "tutajifunza njiani". Huko Agile inaingilia dirisha gani?

---

#18 Mzee_wa_Seva

Nimefanya za aina hiyo nyingi. Mkataba unakuambia ukabidhi nini na lini. Mara nyingi haukuambii uanze na kipi. Hapo ndipo dirisha lilipo.

Timu nyingi za mkataba hujenga kwa matabaka: hifadhidata yote, kisha mantiki yote, kisha kurasa zote, na mteja anaona kitu kinachofanya kazi mwezi wa mwisho. Badala yake kata wima. Chukua shughuli moja ya mtumiaji, nyembamba, ipitishe kutoka ukurasa hadi hifadhidata, iweke mbele ya mteja mapema. Hujavunja kifungu chochote. Utakayoyasikia siku hiyo ("hapana, sisi huwa tunaidhinisha kwanza ndipo tunaandika") ungeyasikia siku ya makabidhiano.

Watu husema njia ya maporomoko, hatua baada ya hatua bila kurudi nyuma, ilibuniwa na Winston Royce mwaka 1970. Katika makala yenyewe hata neno hilo hakulitumia, na baada ya kuchora ule mchoro alionya kwamba kuufuata hivyo ni hatari. Walioupenda waliishia kwenye picha.

---

#19 Mkandarasi_wa_Mifumo

Hiyo ya kukata wima nimeielewa. Nina mradi unaanza mwezi ujao, nitajaribu kwa moduli moja. Ikinilipukia nakuja kukutafuta hapa.

---

#20 Ngamizi07

Swali kwa Fundi. Kikomo chenu kilidumu vipi mkubwa akija na lake la dharura? Kwetu kila kitu ni dharura.

---

#21 Fundi_Msimbo

Hakikudumu. Tulitenga nafasi moja ya dharura juu ya ubao, nje ya kikomo, tukajiona wajanja. Ndani ya mwezi ilikuwa haikai wazi hata siku moja, na kazi za kawaida zikawa zinapita mlango huo kwa kuvishwa vazi la dharura. Tulikuwa tumetengeneza foleni ya pili yenye heshima zaidi.

Kilichosaidia ni sharti: anayeleta dharura anasimama mbele ya ubao na kuchagua mwenyewe kazi gani irudi nyuma kuipisha. Hatumkatalii. Tunampa kalamu. Wengine waliondoa kazi kweli, kwa sababu dharura ilikuwa ya kweli. Wengine walitazama ubao kidogo, wakasema "basi wiki ijayo".

---

#22 Mwanafunzi_Daima

Narudi na mrejesho. Nimehesabu ubao wetu leo mchana watu wakiwa nje. Tuko 4. Kazi zilizoanzwa ni 19. Tunamaliza 3 kwa wiki. Kati ya hizo 19 kuna 6 ambazo nimeuliza kila mtu na hakuna anayekumbuka nani aliziomba.

---

#23 Hesabu_Tupu

Wiki 6 na siku 2 hivi. Ukiziondoa hizo 6, inabaki wiki 4 na ushei, kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo.

---

#24 Mwanafunzi_Daima

Naziondoaje? Moja imeandikwa "muhimu sana" kwa rangi nyekundu.

---

#25 Fundi_Msimbo

Ina tarehe gani?

---

#26 Mwanafunzi_Daima

Mwaka juzi.